Myahudi ni dini au ni kabila? Swali lenyewe lina kasoro

Mwaka 1962 mtawa wa Kikatoliki, Oswald Rufeisen, alikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya Israel akidai atambuliwe kuwa Myahudi. Hakuwa anatania. Alizaliwa Poland na wazazi Wayahudi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alificha asili yake, akawa mkalimani wa polisi wa Kijerumani katika mji wa Mir, na kazi hiyo akaitumia kuwatonya Wayahudi wenzake kwamba geto lao, mtaa waliofungiwa, linakwenda kuteketezwa. Wengi wakawahi kukimbilia msituni. Yeye alifichwa na masista, akabatizwa humohumo, na baada ya vita akajiunga na shirika la watawa la Wakarmeli. Alipofika Israel aliomba uraia kwa Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia huko. Hoja yake: dini nimebadili, watu wangu sijabadili.

Akakataliwa. Na sababu yenyewe ndiyo tamu. Kwa sheria ya dini, Halakha, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata akiasi. Majaji walilikubali hilo, lakini wakasema wao wanafasiri sheria ya nchi, si ya marabi, na kwa mtu wa kawaida Myahudi aliyekuwa mtawa wa Kikristo haitwi tena Myahudi. Yaani dini ilimwachia mlango wazi, serikali ikaufunga! (Uraia aliupata baadaye kwa njia ya wageni wengine, akaishi Haifa hadi alipofariki mwaka 1998.)

Ndiyo maana ubishi wa vijiweni, kwamba Wayahudi ni dini au ni kabila, mimi huuona ni ubishi wa fomu. Watu wa kale hawakuwa na visanduku viwili vya kujaza. Ruthu, mwanamke wa Moabu, anapokataa kuachana na mkwewe anasema: "watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Yote kwa pumzi moja.

Waliokuja kuvitenganisha ni wanasiasa. Desemba 1789, katika bunge la mapinduzi Ufaransa, mbunge Clermont-Tonnerre alisema Wayahudi wakiwa taifa wanyimwe kila kitu, wakiwa mtu mmoja mmoja wapewe kila kitu. Mwaka 1791 wakapewa uraia, na wengi wakawa Wafaransa kwa moyo mweupe. Halafu mwaka 1894 Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi wa jeshi la Ufaransa, akahukumiwa kwa uhaini ambao hakuufanya, na barabarani watu wakawatukana Wayahudi wote. Mwandishi wa habari Myahudi, Theodor Herzl, alikuwa Paris akiripoti kesi hiyo kwa gazeti la Vienna. Mwaka 1897 alipoitisha kongamano la kutangaza kuwa Wayahudi ni taifa, alilipangia Munich. Walioweka kigingi ni Wayahudi wenyewe, marabi wa Ujerumani wakiwa mbele, na kongamano likahamia Basel.

Sisi nasi tuna mkorogo wetu. Watu wa Musa ni Waisraeli, na raia wa Israel ya leo ni Waisraeli, ingawa takriban mmoja kati ya watano wao ni Mwarabu. Mhubiri anaruka miaka elfu tatu kwa neno moja, na waumini wanaitikia amina.

Hapo Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii ya Waafrika wa dini ya Kiyahudi, kinyume kabisa cha Rufeisen: damu hawana, imani wanayo. Mwaka 1919 jemadari Semei Kakungulu, aliyejifunza Uyahudi kwa kusoma Biblia, alijitahiri yeye na wanawe. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao walisali kwa kujificha. Rabi wao, Gershom Sizomu, aliingia Bunge la Uganda mwaka 2016, huku baadhi ya waumini wenzake wakihangaika kutambuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel. Ijumaa jioni, kwenye kilima cha Nabugoye, Zaburi zinaimbwa kwa Kiebrania na Kiganda.