Kaka Yangu Si Mvivu

Jumamosi mjomba alikuja kututembelea, akamkuta kaka yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, ya pili mkononi. Alikuwa ameishika hivyo kwa muda wa dakika ishirini. Mjomba alisimama mlangoni akamtazama, kisha akanivuta pembeni, ila si mbali vya kutosha, akaniambia: "Mama, huyu mmemdekeza. Mikono anayo, miguu anayo, anaongea vizuri tu. Huu sasa ni uvivu."

Nilinyamaza, maana nilijua nikifungua mdomo nitamvunjia heshima. Jioni nikachukua daftari la kaka kuangalia kama ameandika saa aliyokunywa dawa. Kila kitu anakiandika humo, kwa sababu kwake jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea. Saa ya dawa hakuandika. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kwa ule mwandiko wake wa siku hizi unaopanda juu kadiri unavyokwenda kulia: "Mjomba amesema mimi ni mvivu."

Mnaoishi na mtu aliyeumia ubongo mnaelewa uzito wake. Asubuhi hakumbuki kwamba mjomba alikuja. Hakumbuki alivaa nini, walicheka nini, waliagana vipi. Lakini akiamka, kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua daftari na kusoma yaliyomo, kwa kuwa ndivyo tulivyohangaika miezi kumfundisha. Kwa hiyo tangu Jumapili anatukanwa upya kila asubuhi, na kila asubuhi ni mara ya kwanza.

Ndiyo maana naandika.

Ajali ilitokea miaka minne iliyopita. Alifikishwa hospitali akiwa na alama 5 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile walichokibuni Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, kinachoanzia 3 hadi 15, na ukiwa na 8 au chini yake unahesabiwa umeumia vibaya. Siku 19 hakufungua macho. Alipoyafungua hakuamka kama mtu anavyoamka usingizini, akatuita majina na kuuliza yuko wapi. Alirudi vipande vipande. Zilipita wiki za kung'oa mirija, kumwita muuguzi kwa jina la mama, kuuliza swali moja mara arobaini kwa siku na kila mara kwa wasiwasi ule ule. Watu walijaa wodini. Walilia, walisali, walikesha kwenye viti vya plastiki, na mjomba alikuwa mmoja wao. Hakuna hata mmoja aliyemwita mvivu akiwa na bomba kooni.

Neno hilo lilianza alipoanza kutembea. Siku alipoweza kupanda ngazi bila kushikwa, watu walipiga vigelegele, na moyoni wakafunga faili: amepona. Kuanzia hapo kila anachoshindwa kimekuwa tabia yake. Akisahau, hajali. Akikasirika, ana kiburi. Akilala mchana, analala sana. Na akikaa na soksi mkononi, mvivu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kuanza jambo ni kazi ya ubongo, kama ilivyo kuona na kusikia. Wewe ukitaka kuvaa soksi, huhisi chochote kati ya kutaka na kuvaa. Mkono unakwenda tu. Lakini hapo katikati pana kazi inafanyika, na sehemu kubwa yake inafanyika mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Na hapo ndipo ajali kama ile inapopenda kuumiza, kwa sababu sakafu ya fuvu upande huo ina kingo za mfupa zinazokwaruza, na ubongo ukirushwa unakwenda kujikwaruza hapo. Halafu kuna nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Kichwa kikizungushwa kwa ghafla zinavutika, nyingine zinakatika, na mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba picha ya CT, ile ya mionzi inayopigwa kichwani, haizionyeshi. Mtu anaweza kuwa na picha isiyotisha sana na bado akawa amepoteza kile kitu kinachotoa "nataka" na kuifikisha kwenye mkono.

Nilimuuliza siku moja, bila haraka, tumekaa wawili. "Kaka, unataka kuvaa?" Akasema anataka. "Mbona huvai?" Akafikiri kwa muda mrefu sana, akiitazama ile soksi, akasema: "Nangoja ianze."

Nikimgusa bega nikasema "soksi", anaivaa. Sekunde chache tu, vizuri, kisigino mahali pake. Hapo ndipo mjomba na wenzake wanaponikodolea macho: si unaona anaweza! Naona. Lakini wanachokiona kuwa ushahidi wa uvivu ndicho ushahidi wa jeraha. Gari ambalo starta imekufa, ukilisukuma linawaka na linakwenda safari nzima. Hakuna anayeliita gari hilo vivu. Watu wanashuka, wanakunja mikono ya shati, wanasukuma.

Na kusukuma kunasaidia, si maneno yangu ya dada tu. Kule California baba mmoja mhandisi, ambaye mwanawe aliumia kichwa, alishirikiana na mtaalamu wa saikolojia ya ubongo wakatengeneza mfumo wa kumtumia mtu ujumbe kwenye kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni: sasa kunywa dawa, sasa funga mlango, sasa vaa. Uingereza wakaupima mfumo huo kwa watu 143 waliokuwa na matatizo ya kumbukumbu na kupanga mambo, matokeo yakatoka mwaka 2001: zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza majaribio walifanikiwa zaidi katika shughuli zao za kila siku walipokuwa na kile kifaa. Ubongo ni ule ule, jeraha ni lile lile, tofauti ni mlio tu kiunoni. Kama tatizo lingekuwa uvivu, mlio ungemsaidia nini mvivu? Mvivu anauzima na kugeuka upande wa pili.

Kuna mtu wanayemtaja kila yanapozungumzwa majeraha haya, Phineas Gage, msimamizi wa wachimba njia ya reli kule Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka, chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi kikapenya shavuni na kutokea utosini. Akaishi. Wanachopenda kukisimulia ni kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena, akawa hana adabu, hana subira, na waajiri wake wakakataa kumrudisha kazini. Hapo hadithi inafungwa. Mbona hamfiki Chile? Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha mabehewa ya abiria yanayokokotwa na farasi kwa miaka kama saba. Kuamka kabla ya mapambazuko, kufunga farasi, kupokea abiria, kushika njia ile ile, kesho tena. Wapo watafiti waliosema kwamba utaratibu huo, siku inayojiongoza yenyewe kutoka jambo moja hadi lingine, huenda ndio uliomrudisha miongoni mwa watu. Mimi nikiwaza hayo naona kwamba mtu huyo alikuwa na kitu kinachomwambia kila asubuhi: sasa anza. Farasi hawasubiri.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tunajenga farasi. Simu yake inalia saa 12:30 asubuhi na kwenye kioo panaandikwa "kaa kitako". Saa 12:40, "daftari". Saa 1:00, "bafuni, taulo liko mlangoni". Nguo tunazipanga jioni juu ya kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya kwanza juu kabisa. Mwanzoni nilikosea: niliweka mlio mmoja, "vaa nguo". Kuvaa nguo si jambo moja. Ni mambo kumi na mawili, na kila moja lina mlango wake wa kufunguliwa.

Nakubali, mjomba si mtu mbaya. Usiku ule wa kwanza ndiye aliyezunguka kutafuta damu. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba kudekeza kupo. Nimewahi kumvalisha kwa sababu nilikuwa nachelewa, na kila nilipomvalisha nilimnyang'anya asubuhi moja ya kujifunza. Na zipo siku ambazo kaka hataki tu, kama mimi nisivyotaka. Siku hizo anasema "leo sitaki", na uso wake unakuwa na msimamo. Uso wa siku ya soksi hauna msimamo wowote. Ukikaa naye wiki moja utazitofautisha hizo nyuso mbili gizani.

Uchovu nao una makala yake. Nitasema tu kwamba mazungumzo ya watu wanne kwa saa moja yanamchosha kuliko kubeba ndoo za maji, na akilala baada ya hapo, mwacheni alale.

Na wale wa "miezi sita": mliambiwa asiyerudi ndani ya miezi sita harudi tena. Ni kweli hatua kubwa za haraka huja mapema. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia walioumia vibaya: baada ya wiki mbili ni wachache mno walioonekana kuwa na matumaini, na baada ya mwaka nusu hivi yao walikuwa wanaweza angalau kuachwa peke yao nyumbani kwa saa nane. Kaka alijifunza kutumia ufunguo wa mlango mwaka wa tatu.

Alijifunzaje? Hapa narudi kwenye lile daftari. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba watu waliopoteza sana kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Sisi wengine tukikosea tunakumbuka kwamba tulikosea. Wao kosa linabaki, ila kumbukumbu ya kwamba lilikuwa kosa haibaki. Kwa hiyo ule ufunguo hatukumwacha abahatishe hata mara moja. Niliushika mkono wake, meno ya ufunguo juu, tukageuza pamoja kuelekea dirishani, mara mia, mara mia mbili, mpaka siku mkono wake ulipokwenda wenyewe nikauachia bila kumwambia.

Na ndani ya kichwa hicho hicho, kinachobaki na kosa bila kujua kuwa ni kosa, ndimo mjomba alimoingizia neno lake. Kaka hana namna ya kulipima. Hakumbuki lilisemwa kwa hasira gani, wala mimi nilikunja uso vipi. Ana mwandiko wake mwenyewe unaomwambia yeye ni nani.

Nilitaka kuuchana ule ukurasa. Jumatatu usiku nilikuwa nimeshaushika kwenye kona. Nikaacha, kwa sababu daftari lile ni mali yake, na mtu anayechana kurasa za kumbukumbu ya mwenzake usiku hajui ataishia wapi. Asubuhi nikamfuata, nikamwonyesha ule mstari, nikamuuliza kama anataka tuutoe. Akausoma. Akauliza, "Ni kweli?" Nikamwambia si kweli, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa kifupi, starta na gari. Alisikiliza akiwa amefumba macho, anavyofanya akitaka kitu kikae.

"Usichane," akasema. "Nitasahau kama ulikuwepo. Andika hapo chini."

Akanipa kalamu. Simu ikalia, tukaisikiliza wote wawili mpaka ikanyamaza. Akainama. Niliikunja mikono yangu nyuma ya mgongo nisije nikamsaidia, nikahesabu moyoni. Ilipofika kumi na saba mkono ukaenda.

Niliandika: "Jumanne, saa 1:20. Soksi zote mbili, mwenyewe." Akachukua kalamu akaweka sahihi yake pembeni.