Mjomba Ben Aachwe Apumzike

Mwenzenu jana usiku nimezika tena. Wala sikujiandaa. Nimejikalia zangu kwenye kochi, rimoti mkononi, natafuta kitu cha kunisindikiza usingizini, mara naona uchochoro wa giza, baba kavaa koti, mtoto kashikwa mkono, mama kavaa mkufu wa lulu. Nikamwambia binti yangu, "Mama huyo hamalizi dakika mbili." Kweli, hazikuisha. Bastola ikalia, mkufu ukakatika, lulu zikaanza kudondoka polepole, moja moja, utadhani kila moja inalipwa posho yake.

"Baba," binti akaniuliza, "huyu mama si alishakufa kwenye ile nyingine?"

"Alikufa, mwanangu. Huyo ni mama yake Bruce, mtoto anayekuja kuwa Batman, na kila mwongozaji wa picha anamuua upya. Tim Burton alimuua 1989. Christopher Nolan akamuua 2005. Huyu unayemwona ni wa Zack Snyder, 2016. Halafu 2019, kwenye ile ya Joker, akafa tena, na hapo wala mwanaye siye stelingi."

"Kwani hawawezi kupita njia nyingine?"

Sikuwa na jibu. Matajiri wazima, gari lipo, dereva yupo, kila wakitoka kwenye maonyesho lazima wakate uchochoroni.

Wenye kazi yao wanaita kuanza upya. Picha ikichosha watu, au mwigizaji akizeeka, au fedha zikigoma kurudi, bosi anasema futa yote, tunaanza upya. Mimi kazini nikivuruga hesabu nikasema futeni nianze upya, nitaanza upya kweli, ila kwa kuandika barua za kuomba kazi.

Na kila wakitangaza hivyo, dunia nzima inakesha na swali moja: ataongoza nani? Hapo ndipo kila mtu anageuka mtaalamu. Huyu atasema achukuliwe yule aliyeshinda tuzo. Yule atasema hapana, atafutwe anayezijua komiki kwa kichwa. Mwingine anataka mwenye uzoefu wa bajeti kubwa. Mimi ningewekwa kwenye chumba cha usaili ningekuwa na swali moja tu. Ningemkaribisha mgombea akae, nimwangalie usoni, nimuulize, "Mwanzoni mwa picha unapanga kumuua nani?" Akitaja mzazi, mlezi au mjomba yeyote tuliyekwisha kumzika, namshukuru kwa muda wake.

Msidhani nina roho mbaya. Mjomba Ben wa Spider-Man alipokufa 2002, mikononi mwa Sam Raimi, nililia. Nilisema vumbi limeniingia jichoni, lakini nililia. Raimi akaendelea hadi picha ya tatu, 2007. Haya, 2012 wakamleta Marc Webb aanze upya. Webb kabla ya hapo alikuwa ametengeneza picha ya mapenzi, na kwenye mapenzi ya vijana wake alifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini buibui akang'ata tena! Mjomba akafufuliwa ili auawe tena! Miaka 5 tu tangu tuagane na Raimi, udongo wa kaburi haujashikana vizuri. Safari hiyo sikulia. Nilitazama saa.

Nolan namsamehe, na sababu ninayo. Yeye 2005 alikaa karibu saa nzima kabla hajamvalisha mtu lile vazi la popo. Lakini ndani ya saa hiyo alinionyesha jambo ambalo picha za nyuma hazikuwa zimenionyesha: huyu tajiri alijifunza wapi kupigana, na woga wake aliufanyia nini. Tena ilikuwa imepita miaka 8 tangu ile ya Joel Schumacher ya 1997, ambayo vazi la stelingi lilichongwa hadi chuchu. Baada ya chuchu, mtu unakubali kuanza upya popote.

Walionihurumia ni wachache. Jon Watts, 2017, alimleta kijana wa buibui na uwezo wake tayari, mjomba hata hakuonyeshwa. Nilikaa nikisubiri msiba, haukuja, nikajikuta natazama picha kwa raha kama mtu mwenye akili timamu. Matt Reeves, 2022, na Batman wake, naye aliuruka ule uchochoro. Matt Shakman, 2025, wale wanne wake wa Fantastic Four tuliwakuta wana nguvu zao miaka kadhaa, historia ikasimuliwa haraka haraka kwenye kipindi cha televisheni humo humo ndani ya picha, tukaendelea.

Lakini aliyenimaliza ni James Gunn na Superman wake wa 2025. Sayari aliyozaliwa Superman ilishalipuka mbele yangu kwa Richard Donner 1978, na Snyder 2013 akakaa nayo weee, nikadhani tumehamia huko. Gunn anakuandikia mistari michache kwenye skrini, basi. Kinachofuata ni mwanamume mwenye joho jekundu anaanguka kutoka angani, puu, kwenye theluji. Kapigwa. Damu inamtoka mdomoni, kupumua kwenyewe ni kazi. Anakusanya pumzi ya mwisho, anapiga mluzi. Mbwa anakuja mbio, na yeye kajoho kake. Unadhani atambeba mgonjwa? Anamrukia! Anamkanyagakanyaga mbavu zilizovunjika, anataka mchezo. Dakika zile nilimjua Superman kuliko miaka yote ya kulipuliwa sayari.

Sasa angalia Gunn alikotoka: picha za bei ya chini za kutisha na kuchekesha. Raimi naye jina alilipatia kwenye picha ya kutisha ya 1981, watu wachache na kibanda cha msituni. Aliyewahi kukutisha bila fedha anajua kipi akuonyeshe na kipi akufiche. Hao ndio wa kuwapigia simu. Lakini mabosi hutazama wanachotaka wao: kijana katengeneza picha moja ndogo ikapendwa, anakabidhiwa mlima. Ni sawa na fundi aliyekuchongea stuli nzuri umwambie haya, jenga ghorofa, na tarehe ya watu kuhamia nimeshaitangaza. Watts aliupanda mlima huo, akafika. Josh Trank 2015 alikabidhiwa wale wanne, mambo yakaharibika hadi siku ya kuamkia picha kutoka mwenyewe akaikana mtandaoni, halafu akafuta maneno yake.

Na wakishakuchagua, usiombe wakubadilishe njiani. Mwaka 2017 Snyder aliiacha Justice League, picha iliyowakusanya Batman, Superman na wenzao, kwa msiba mzito wa familia, akaletwa Joss Whedon amalizie. Superman wao, Henry Cavill, wakati huo alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya picha ya studio nyingine, na wenye masharubu wakakataa yanyolewe. Ikabidi anyolewe kwa kompyuta. Yule bwana anaruka, anavunja, anaokoa dunia, na mimi macho yangu yote yako juu ya mdomo wake. Unaona kabisa mdomo ule una siri.

Haya yote nilikuwa namweleza mke wangu saa saba usiku, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono inapaa.

"Baba watoto," akasema, uso ukutani, "hao watu wamekupigia simu wakakuuliza?"

"Hawajanipigia. Ndiyo maana wanakosea."

Kimya. Nikajua kalala. Nikainuka kuzima taa, akageuka.

"Ila kuna kitu sijaelewa. Huyo Bruce ndiye nani?"

Nikaiacha taa. Nikavuta stuli, nikakaa vizuri.

"Ngoja nianze mwanzo. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kitajiri. Siku moja usiku anatoka kwenye maonyesho na wazazi wake, mama kavaa mkufu wa lulu…"