4,294,967,297 inataka kalamu, si kikokotoo

Kama ningeruhusiwa kumpa mwanafunzi namba moja tu kubwa aichunguze, ningempa 4,294,967,297, na kikokotoo ningekiweka mbali.

Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, jibu nalo lizidishe kwa lenyewe, uendelee hivyo. Unapata 2, 4, 16, 256, 65,536. Kila moja iongeze 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni namba tasa. Katika karne ya 17, mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa mfululizo huo hautoi kitu kingine ila namba tasa. Ya sita ndiyo hii yetu, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye kosa la Fermat. Mimi naona utamu wote uko kwenye namna ya kuifikia 641.

Ukijaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2, 641 ni ya 116. Ni kazi ya kuchosha. Lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi tunaruka: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tano. Na 257 pia iondoe, kwa sababu ukizidisha zile tano za mwanzo wa mfululizo (3, 5, 17, 257 na 65,537) zote pamoja unapata 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu; ambayo ingegawanya namba zote mbili ingelazimika kuigawanya na hiyo 2, kwa hiyo hakuna hata moja kati ya hizo tano inayoweza kuigawanya namba yetu. Majaribio 116 yamekuwa manne!

Hata kugawanya kwenyewe si lazima. Itazame 641 kwa macho mawili: ni 640 jumlisha 1, na pia ni 625 jumlisha 16. Kwa sura ya kwanza, 641 inagawanya 640 kwa kipeo cha 4, toa 1, kwa kuwa 640 jumlisha 1 ni kigawo chake. Kwa sura ya pili, 625 ni 5 kwa kipeo cha 4, 16 ni 2 kwa kipeo cha 4, na 640 ni 5 mara 2 yenye kipeo cha 7; basi ukiizidisha 641 kwa 2 yenye kipeo cha 28, unapata 640 kwa kipeo cha 4, jumlisha 2 kwa kipeo cha 32. Zote mbili zinagawanyika kwa 641, basi na tofauti yao pia; toa ile ya kwanza kwenye hii ya pili. Kinachobaki ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Namba yetu yenyewe! Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza niliiandika upya mara tatu kwa furaha.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Kijaribu: 64 mara 104,694, ongeza 1.