Nani amlipe anayemtetea mtumiaji wa umeme?

Kampuni ya umeme inapoomba kupandisha bei, hufika mbele ya mdhibiti ikiwa na mawakili, wahandisi na wachumi wake, na kwa kawaida gharama za wataalamu hao huhesabiwa ndani ya matumizi ya kampuni, ambayo mwisho wake hulipwa kupitia ankara. Mteja basi hugharimia hoja za kumwongezea bei, ajue asijue. Hoja inayobishaniwa ni kama mfuko uleule ugharimie pia upande unaozipinga.

Jimbo la California nchini Marekani lilijibu ndiyo tangu miaka ya 1980. Chini ya sheria yake, kikundi kinachowawakilisha watumiaji wa majumbani au wafanyabiashara wadogo kinaweza kurudishiwa gharama za kushiriki katika mashauri ya Tume ya Huduma za Umma ya jimbo hilo, CPUC, kikitimiza masharti mawili makubwa. La kwanza, kionyeshe kwamba kushiriki kwa fedha zake kungekielemea. Kwa kikundi, maana yake ni kwamba anachoweza kuokoa mwanachama mmoja kwenye ankara yake ni kidogo mno kikilinganishwa na gharama ya kesi. La pili, kionyeshe kwamba mchango wake ulikuwa na uzito katika uamuzi uliotolewa. Malipo hutolewa na kampuni inayohusika, kisha kampuni huyafidia katika bei.

Anayedhani hizi ni fedha za bure asome dai moja tu. Kila wakili na kila mtaalamu huorodhesha saa zake kwa mada, kiwango chake cha malipo kwa saa, na ukurasa wa uamuzi ambamo hoja yake imekubaliwa. Muda wa safari na muda wa kuandaa dai lenyewe hulipwa nusu ya kiwango. Saa zinazoonekana kurudia kazi ya mwenzake zinaweza kukatwa, na kiwango cha juu hakiruhusiwi kupita kile cha soko. Ni hesabu ya mtu anayejua kwamba kila shilingi itahojiwa.

Hoja ya wanaounga mkono ni nyepesi kueleza na ngumu kuivunja. PG&E, kampuni ya umeme na gesi ya California, huhudumia watu wapatao milioni 16, na nyongeza inayomgusa kila mmoja kidogo tu huiingizia fedha nyingi. Hakuna mtu mmoja mwenye sababu ya kuacha kazi yake akasome maelfu ya kurasa za maombi, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, wataalamu hawatakuja kwa hisani mwaka baada ya mwaka. Mwezi Novemba 2023, CPUC iliiruhusu PG&E kuzika nyaya za umeme kwa umbali wa maili 1,230, takribani kilomita 1,980, ili kupunguza moto wa misitu, ilhali kampuni ilikuwa imeomba zaidi ya maili 2,000. TURN, kikundi cha kutetea watumiaji kilichoanzishwa mwaka 1973, kilikuwa kimesisitiza kwamba kuzifunika nyaya kwa kihami zikiwa juu ya nguzo ni njia ya bei nafuu zaidi. Katika shauri la mabilioni ya dola, ada za mawakili wa watumiaji ni chembe.

Hata hivyo, mfano huohuo unawapa wapinzani nguvu. Ndani ya CPUC kuna ofisi ya serikali ya kuwatetea watumiaji, nayo pia ilitaka uzikaji upunguzwe. Sasa sifa ya kupunguza maili hizo apewe nani? Sheria inakubali kwamba mchango unaokamilisha hoja ya mwingine unaweza kulipwa kikamilifu, jambo ambalo ni la haki kwa sababu hoja moja yenye mashahidi wawili huwa na uzito zaidi. Lakini mteja anayelipa ofisi ya serikali, mawakili wa kampuni na mawakili wa vikundi kwa pamoja ana haki ya kuuliza ananunua nini mara ya tatu.

Kwa maoni yangu, kasoro nzito zaidi haimo katika gharama. Imo katika ukweli kwamba anayeamua nani alipwe ni mdhibiti yuleyule anayekosolewa. Kikundi kinachojua kwamba malipo yanategemea hoja kukubaliwa, hata kwa sehemu, kinavutwa kuchagua hoja ambazo tume iko karibu kuzikubali na kuziacha zile zinazogusa mazoea ya tume yenyewe. Juu ya hilo, malipo huja baada ya uamuzi, na mkaguzi wa jimbo alibaini mwaka 2013 kwamba tume mara nyingi ilikuwa inapitisha siku 75 ilizopewa kuamua dai. Kikundi kikongwe kinaweza kusubiri. Chama cha wapangaji wa mtaa mmoja hakiwezi.

Tanzania imefuata njia nyingine. Sheria iliyounda EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, iliunda pia baraza la kudumu la watumiaji, EWURA CCC, ambalo huzungumza kwenye mikutano ya taftishi, yaani ya kusikiliza maoni ya umma kuhusu maombi ya bei. Mwaka 2013 TANESCO, shirika la umeme la taifa, liliomba nyongeza ya asilimia 67.87, na EWURA ikaidhinisha wastani wa asilimia 39.19 kuanzia Januari 2014. Baraza la kudumu halisubiri kulipwa kwa ushindi, na hilo ni faida ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba sauti ya watumiaji wote huwekwa mahali pamoja, wakati mwenye kiwanda kidogo cha kusaga nafaka na mwenye nyumba ya taa mbili hawana maslahi sawa katika mgawanyo wa viwango.

Michigan, jimbo jingine la Marekani, ina njia ya kati. Tangu mwaka 1982 jimbo hilo lina mfuko unaochangiwa na kampuni za huduma, na bodi maalumu, tofauti na tume inayopanga bei, hupokea maombi ya ruzuku ya kushiriki katika mashauri. Hapo anayesikiliza shauri si anayeshika mkoba. Gharama yake ni kwamba bodi huamua kabla ya kuona kazi, hivyo inaweza kulipia ushiriki usiobadilisha neno hata moja katika uamuzi. Kati ya kasoro hizo mbili ningechagua hii ya pili, ilimradi sehemu ya malipo izuiliwe mpaka ushahidi uwasilishwe na wataalamu wahojiwe.