Deni la marehemu na historia ya karafuu

Historia ya karafuu za Unguja na Pemba tumezoea kuisoma kwenye ripoti za Waingereza: frasila (kipimo cha uzito) zilizosafirishwa, bei, ushuru. Sasa watafiti wanayageukia mafaili ya mirathi, kama yale ya Nyaraka za Taifa, Zanzibar. Je, yanatosha kuandikia habari za zao zima?

Kwa upande wa fedha, naona yanazishinda ripoti. Katika sheria ya Kiislamu, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Ndipo warithi wagawane. Kwa hiyo kabla binti hajapata fungu lake la mikarafuu, wadai huwa wameshajitokeza: mwenye duka na kanga zake, jirani na nusu frasila yake. Sheria za 1934 zilizobana mashamba yasihamie kwa Wahindi zilijengwa juu ya picha nyepesi ya Mwarabu mfujaji na Mhindi mnyonyaji. Mafaili yanaivuruga picha hiyo, maana Mhindi mwenye duka la shamba naye alidaiwa na tajiri wa mjini.

Lakini faili lina uziwi wake. Mdai humdai mtu asiyeweza kujibu. Shamba lililotolewa kwa bei khiyari, yaani mkopo uliovishwa vazi la mauzo ili kuikwepa riba, huweza kusomeka kama limeuzwa tu. Na miti huhesabiwa bila umri: baada ya kimbunga cha 1872 kilichoifyeka mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu nzima, mche na mti mzee huweza kuwa hesabu moja, ingawa mche husubiri miaka sita au zaidi ndipo uzae.

Pengo kubwa zaidi ni kazi. Mchumaji aliyevuka kutoka kisiwa cha Tumbatu kwenda Pemba wakati wa msimu hakuacha mali ya kumfikisha kwa kadhi. Kabla ya 1897 mtumwa alikuwa mwenyewe ni mali ya kurithiwa. Mtumwa aliyeachwa huru akafariki bila mrithi ndiye huonekana, tena kwa sababu bwana wake wa zamani alikuja kudai urithi.

Mimi ningeyaamini mafaili haya kwenye safu ya madeni, ningeyatilia shaka kwenye idadi ya miti, na habari za wachumaji ningezitafuta kwa wazee wa Tumbatu na wa Makunduchi, kusini mwa Unguja.