Marahaba, Wanangu

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: hapiti mahali pazuri bila kupigwa picha. Kwa hiyo siku tulipokwenda kupanda Milima ya Udzungwa alivaa suruali nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka unaogopa mikunjo yake isikukate.

Pale Mang'ula, kwenye geti la hifadhi, mwongoza wageni alimwangalia kuanzia juu hadi chini. "Kaka, chomeka suruali ndani ya soksi."

"Nichomeke? Picha zitatokaje?"

Mimi nilichomeka yangu kimyakimya.

Hifadhi ile haina barabara ndani, ukitaka kuiona ni miguu yako tu. Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje inapanda msituni, jasho linakutoka hata kwenye kope. Mwongoza wageni akatuonyesha mbega wekundu juu ya miti, akatusimulia habari za kima wa Sanje ambaye hapatikani popote nje ya milima ile, na ambaye wanasayansi walikuja kumjua mwaka 1979. Mume wangu alikuwa anatafuta tu mahali penye mwanga mzuri.

Akapapata karibu na maporomoko. Maji yale yanashuka jumla ya mita 170, ukiyatazama unasahau hata madeni. Akasimama, akatanua mikono. "Piga. Ila tumbo usilichukue."

Nainua simu, nikaona mstari mweusi unaong'aa unapita ardhini, unaingia katikati ya raba zake na hautokei upande wa pili.

"Baba Watoto..."

"Usiongee! Utatikisa simu!"

Haya. Nikanyamaza.

Siafu wana adabu zao. Wanapanda taratibu, kila mmoja anatafuta nafasi yake, halafu wanang'ata kwa pamoja utadhani kuna aliyepuliza kipenga. Hifadhi ile imeanzishwa mwaka 1992, na sidhani kama imewahi kusikia ukelele wa namna ile. "Mama yangu weee!" Mkewe nipo hapo hapo, anamwita mama yake.

"Vua, kaka! Vua suruali!" mwongoza wageni akapaza sauti.

Ikavuliwa. Na hapo ndipo likatokeza kundi la wanafunzi na mwalimu wao, wako kwenye ziara. Watoto wamelelewa vizuri wale. Wakasimama kwa mstari, wakaitikia kwa sauti moja: "Shikamoo mzee!"

Mume wangu, yuko na bukta, mguu mmoja hewani, mkono uko pasipotajika: "Marahaba, wana... aaah! ...wanangu!"

Nilimtoa siafu mmoja mmoja. Ukimvuta, mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi, kwa hiyo kila mmoja alitolewa mara mbili na kulaaniwa mara mbili. Suruali ilikuwa bado imejaa, mwongoza wageni akaibeba kwenye ncha ya fimbo kama bendera ya jeshi lililoshindwa, akatangulia nayo. Mume wangu akashuka mlima amejifunga kitenge changu, anatembea hatua fupifupi. Hakuomba picha hata moja.

Getini basi la wanafunzi lilikuwa linaondoka. Vichwa vyote vikatoka madirishani. "Kwaheri mzeeee!"

Akaona aibu kuwanyima watoto salamu. Akainua mkono kuwapungia, na kitenge kilikuwa kinashikiliwa na mkono ule ule.