Mshikaki wa Kumi na Moja

Pantoni la Kigamboni halifiki, linagonga. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana likikaribia ng'ambo utaona kila mtu kashika chuma. Mimi nilikuwa nimeshika keki.

Keki yenyewe ilikuwa twiga. Twiga wa kusimama, miguu minne, shingo juu, pembe mbili, na kope za fondanti, ile sukari ya kufinyanga, nilizozikata moja moja kwa wembe mpaka saa nane usiku. Pantoni lilipogonga, twiga wangu akatanua miguu ya mbele, taratibu, kwa adabu zote, akashusha shingo hadi pua ikagusa ubao. Waliowahi kufika Mikumi watakuwa wameshaelewa: hivyo ndivyo twiga anavyokunywa maji. Tofauti ni kwamba wa Mikumi akishakata kiu hunyanyuka.

Lakini nimekimbilia mwisho. Turudi Jumanne.

Jumanne alinipigia mama mmoja wa Kigamboni, mteja mpya. Mwanawe anatimiza miaka mitano Jumamosi, na kwa huyo mtoto duniani kuna twiga na vitu vingine. "Dada, nataka asimame kabisa," akasema. "Sitaki yule wa kulala chini kama chapati iliyochorwa."

Sasa, yule wa kulala chini kama chapati ndiye ninayemjua mimi. Mtu akitaka mnyama, naoka keki ya trei, nakata umbo, nalaza, napaka krimu, nachora macho. Keki iliyolala haina pa kuangukia. Hiyo ndiyo siri iliyonilinda miaka minne kwenye biashara hii bila fedheha. Ila huyu mama alitaja bei kabla sijataja yangu, na aliyoitaja ilikuwa mara mbili ya ile niliyokuwa najikaza kuitamka. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Twiga kusimama? Mbona kitu kidogo."

Nilioka sponji, ile ile ya kila siku, laini, ukiibonyeza inarudi. Hilo lilikuwa kosa na nililijua nikiwa na kisu mkononi. Keki ya kuchongwa inatakiwa iwe nzito, imeshikana, ile ya siagi nyingi, ilale kwenye friji usiku kucha ndipo uichonge ikiwa baridi. Sponji ukiichonga inakupa makombo. Nilianza na twiga, nikapitia punda, nikatokea kwenye kitu kilichofanana na godoro la bweni. Ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu, ndiyo iliyonisitiri. Chokoleti nyeupe nayo, kwa joto letu, unaweka sehemu tatu kwa moja ya krimu, ikishika inakuwa kama lipu. Na lipu, kama wanavyojua waliowahi kupanga nyumba Dar es Salaam, inaficha mengi.

Kwa miguu nilitumia vijiti vya mishikaki, viwili kila mguu, nikavivalisha fondanti. Shingo nikaipa vitatu. Jumla kumi na moja. Iweke hiyo namba kichwani, maana mimi sikuiweka. Twiga wa porini, pamoja na urefu wote ule, ana mifupa saba tu ya shingo, sawasawa na mimi na wewe. Nikajiambia kama saba imetosha kwa shingo ya karibu mita mbili, vijiti vitatu kwa shingo ya sentimita thelathini ni kufuru.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi mwashi, mzee wa watu, amestaafu lakini ujenzi haujamstaafu. Ijumaa jioni alipita kuomba chumvi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akasimama mlangoni. Nikasubiri sifa. Kope hakuziangalia. Madoa, ambayo nilikuwa nimeyapangilia kwa kutazama picha, hakuyaangalia. Aliinama akachungulia chini ya tumbo la twiga kama mtu anayetafuta yai.

"Slabu iko wapi?"

"Slabu gani tena, Fundi? Hii keki."

"Mzigo kilo ngapi?"

"Kama nne hivi."

"Na nguzo zimesimama juu ya nini?"

Nikamwonyesha. Lilikuwa kadibodi la boksi la mafuta ya kula, nimelivisha karatasi ya dhahabu. Fundi akacheka kile kicheko cha mafundi kisichotoa sauti, mabega tu ndiyo yanayotingishika.

"Mwanangu, hapa hujajenga. Umechoma mshikaki. Nyama haikai juu ya kijiti, imetobolewa na kijiti. Ukiusimamisha mshikaki wima, nyama itafanyaje?"

"Itateleza chini."

"Ahaa."

Akanichorea kwenye mfuko wa unga. Ubao wa mbao, mnene, usiopinda. Bomba la maji la nusu inchi lisimame katikati, limefungwa kwa flanji na skrubu. Juu ya bomba kibao kingine kidogo, na tumbo la twiga likae juu ya hicho kibao. Nguzo ibebe kibao, kibao kibebe keki, keki yenyewe isibebe kitu chochote. Shingo na kichwa nisitumie keki kabisa, nitafute kitu chepesi. (Kipo. Ni zile punje za mchele zilizopulizwa ambazo watoto hula na maziwa asubuhi. Unazikanda na mashimalo, zile peremende laini kama sifongo, iliyoyeyushwa, zinafinyangika kama udongo na uzito ni wa unyoya. Nilikuwa na boksi zima kabatini.)

Kisha akatoa timazi mfukoni, ule uzi wenye uzito mwishoni wa kupimia wima. Wazee wengine hutembea na tasbihi, huyu hutembea na timazi. Akaining'iniza kwenye pua ya twiga. Uzi ukashuka, ukapita nje ya miguu ya mbele kwa vidole vinne.

"Kichwa chako kiko barabarani," akasema. "Kiwanja chako kinaishia hapa."

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba keki ni ya kuliwa, hakuna anayekwenda kuhamia. Akachukua chumvi yake akaondoka.

Usiku nikatoa rafu zote kwenye friji, samaki nikawahamishia kwa huyo huyo Fundi, nikamwingiza twiga. Nilijiona nina akili. Ganashi ikaze, miguu ikaze, kesho safari. Kumbe Februari ya Dar es Salaam hewa yake unaweza kuikamua ukapata ndoo ya maji. Asubuhi nilipomtoa, ule ubaridi ukakutana na ule unyevu, na sukari na maji ni ndugu wanaotafutana. Twiga akaanza kutoka jasho. Kwanza kipaji cha uso, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Halafu mgongoni. Madoa ya kahawia yakaanza kushuka ubavuni, mstari baada ya mstari, na kwa dakika kama kumi nilikuwa namiliki pundamilia mwenye shingo ndefu. Nikawasha feni, nikampuliza, nikamfuta kwa pamba, nikayachora madoa upya. Saa nne nikaita bajaji.

Tangu 2016 kuna daraja pale Kurasini, lakini dereva alisema kutoka kwetu Magomeni huko ni kuzunguka, twende Feri. Nikaketi nyuma na twiga mapajani, nimemfunika kanga. Ile barabara nimepita maisha yangu yote. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba ina matuta ambayo huyaoni mpaka ubebe shingo.

"Taratibu, kaka. Taratibu. Simama kabisa, halafu uvuke."

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Dada, mgonjwa?"

"Hajambo. Ila shingo yake si nzuri."

Akaendesha kwa huruma, Mungu ambariki, akidhani nimebeba mtoto.

Kwenye pantoni nikashuka, nikaamua kumshika mwenyewe mikononi. Hapo ndipo kadibodi likakumbuka kwamba lilizaliwa kubeba madumu ya mafuta likiwa boksi kamili, siyo kipande. Nilikuwa nimelishika pembeni huku na huku, katikati likaanza kushuka kama machela. Upepo wa bahari nao ukafunua kanga kwa chini, ukatokea mguu wenye kwato. Mzee mmoja aliyekaa karibu akauangalia mguu, akaniangalia mimi, akasogea.

"Binti," akanong'ona, "hizo si nyara za serikali?"

"Ni keki, baba."

"Wote husema hivyo."

Ndipo pantoni likagonga.

Nimeshaeleza kilichotokea. Sikueleza ukimya uliofuata. Watu wote waliokuwa wanasukumana kushuka walisimama. Kanga ilikuwa miguuni mwangu na twiga amesujudu mbele ya halaiki. Yule mzee wa nyara akavua kofia. Mwanamama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasema, "Pole, dada. Alikuwa anaumwa?"

Nikajibanza kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, nikampigia Fundi. Hakuuliza mimi ni nani wala kumetokea nini.

"Limepata ufa au limelala?"

"Limelala, Fundi."

"Upande gani?"

"Mbele. Pua imegusa ubao."

"Shingo imekatika?"

"Haijakatika. Imepinda tu, vijiti vimetoboa kisogoni, vinaonekana kama pembe za ziada. Fundi, nimnyanyue?"

"Usithubutu!" Nikasikia anaweka kikombe chini. "Jengo likilala halinyanyuliwi. Lina njia mbili: unabomoa, au unabadilisha matumizi. Sasa hivi linafanana na nini?"

Nikamtazama twiga. Miguu imetanuka, shingo chini.

"Twiga anayekunywa maji."

"Basi kampe maji. Na chini ya tumbo weka mhimili, usiniaibishe."

Kwa yule mama niliingilia mlango wa jikoni, namshukuru dada wa kazi aliyenifungulia na ambaye hakucheka mpaka alipofika stoo. Nikaomba bakuli la udongo. Nikaligeuza kifudifudi chini ya tumbo, nikalipiga ganashi iliyobaki nikaichanganya na makombo, likawa jiwe. Tumbo likakaa juu ya jiwe, miguu ikapumua. Kadibodi nikalipandisha juu ya sinia la bati. Dada wa kazi akaniletea kioo cha kujipodolea, cha duara, nikakiweka chini ya pua: bwawa. Majani ya giligilani yaliyokuwa yanasubiri kachumbari nikayapanda kandokando ya bwawa. Vile vijiti vya kisogoni nikavisukuma ndani kwa kidole gumba, nikaziba kwa fondanti. Kumbuka hicho kidole gumba.

Mama mwenye shughuli akaingia. Akazunguka meza. Mzunguko wa pili akasimama mbele ya bwawa.

"Dada, si nilisema asimame?"

"Amesimama, mama. Ila ana kiu."

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni kiasi gani nitarudisha, mtoto akaingia. Hakusema neno. Akapanda kwenye kiti, akachungulia kwenye kioo, akamwona twiga wa pili yuko ndani ya maji anamtazama. Akapiga ukelele uliowatoa wageni uani. "Anakunywaaa!" Wote wakaja na simu zao. Mama yake akapigwa picha sita na twiga, na katika zote sita anatabasamu kama mtu aliyeagiza hivyo hivyo tangu mwanzo. Mimi nilimalizana na soda yangu pembeni, nikiwaza kuongeza bwawa kwenye orodha ya bei.

Keki ikakatwa, ikagawiwa. Kwa kuwa ilikuwa sponji, ililiwa kwa kasi. Hilo nalo tulitaje, keki nzuri ya kuchongwa huwa haiwi hivi. Fundi akapiga simu.

"Wameshabomoa?"

"Wamemaliza, Fundi. Imebaki kwato."

"Nondo umezihesabu?"

Soda ikanipalia.

Nikarudi mezani mbio. Miguu: viwili, viwili, viwili, viwili. Nane. Shingo: kimoja. Nikachambua kichwa, nikakuta kingine ndani ya taya. Kumi. Nikapekua sinia, nikageuza bakuli, nikainua kioo. Kumi. Watoto kama ishirini wanakimbizana uani, midomo imejaa chokoleti, na kipo kijiti chenye ncha ambacho mimi kwa kidole changu nilikisukuma ndani ya chakula chao. Nikatoka uani na sura ambayo sijui ilikuwaje, lakini muziki ulizimwa.

"Samahanini. Naomba kila mtoto aache kutafuna."

Wakaacha. Mama mwenye shughuli akauliza kuna nini, nikamwambia, na tabasamu la picha sita likaisha. Tukapanga watoto mstari, tukaanza kukagua midomo na sahani, mmoja baada ya mwingine, kama forodhani. Mtoto wa kumi na mbili, hakuna. Wa kumi na tano, hakuna. Nilikuwa na yule wa mwisho, nimemshika kidevu, niliposikia sauti ya kikohozi kwenye mkeka chini ya mwembe.

Alikuwa bibi yake mtoto, mama mzaa baba, aliyekuja kutoka Rufiji siku mbili kabla. Amekaa kanyoosha miguu, sahani tupu pembeni, anachokonoa jino la nyuma kwa utulivu, kwa kijiti kirefu cha mshikaki chenye doa la fondanti ya njano kwenye ncha.

"Shikamoo, bibi," nikasema, na magoti yalikuwa yanaelekea kunikatika kama miguu ya twiga.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakitoa kijiti, akakiangalia huku na huku. "Mshikaki wako mtamu sana. Ila nyama sikuiona."